Kutaifishwa kwa Madini ya Mchicha

Jumatatu ya kwanza ya Julai, mwaka 1976, saa nne kamili asubuhi, Land Rover ya Bodi ya Mboga ya Bonde iliingia katika kijiji cha ujamaa cha Juhudi, kati ya Chanzuru na Rudewa, ikiwa na kipaza sauti juu ya paa. Wananchi wakatangaziwa habari ambayo hakuna taifa lolote duniani lililokwisha kuwatangazia watu wake. Kwamba madini yote mazito yaliyomo ndani ya mchicha, matembele na majani ya maboga ya kijiji hicho yametaifishwa. Kwamba kuanzia saa hiyo madini hayo ni mali ya umma popote yalipo, iwe kwenye jani, kwenye sufuria au ndani ya mwili wa mtu. Na kwamba yeyote atakayebainika kuyahodhi kwa faida yake binafsi atachukuliwa hatua bila kujali cheo chake.

Tangazo lilisomwa mara tatu, mara ya mwisho polepole kwa ajili ya wazee.

Aliyeliandika ni Lazaro, karani wa Bodi, na tuseme ukweli, lilikuwa tangazo zuri. Lazaro alisoma shule ya misheni huko milimani, na mwalimu wake alimfundisha kwamba sentensi isiyo na "kwa mujibu wa" ni sawa na mtu aliyetoka nje bila kaptura. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, kalamu mbili mfukoni, na imani moja isiyotikisika: kwamba jambo likishaandikwa vizuri na kupigwa chapa nakala tatu, haliwezi tena kuwa jambo la kijinga. Maneno "bila kujali cheo chake" aliyaongeza mwenyewe, kwa sababu mstari ulikuwa mfupi na haukupendeza.

Juhudi ilikuwa na fahari mbili. Ya kwanza ni Karakana ya Betri, iliyofunguliwa miaka minne nyuma na Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Thadeo, ndani ya banda la kiwanda cha zamani cha katani. Humo betri mbovu za matrekta zilipasuliwa, sahani zake zikayeyushwa, kisha zikamiminwa upya kwenye kalibu. Fahari ya pili ni bustani ya mboga ya ujamaa, iliyokuwa bondeni kidogo. Katikati ya fahari hizi mbili ulipita mfereji. Maji yaliyoosha betri yaliteremka nao mpaka kwenye matuta ya mchicha. Thadeo aliuchora mfereji huo yeye mwenyewe, kwa fimbo, kwenye vumbi, mbele ya mpiga picha, akasema katika ujenzi wa taifa hakuna tone la maji litakalopotea. Na kweli, hakuna lililopotea.

Mwaka wa nne watoto wa chekechea, waliokula mboga za bustani hiyo kutwa mara mbili, walianza kutulia. Hawakukimbizana, hawakugombana, hawakupanda juu ya kitu. Walikaa kando ya ukuta wakiwa wameshika matumbo. Mgeni mmoja kutoka mkoani aliandika kwenye kitabu cha wageni kuwa hajapata kuona watoto wa miaka mitano wenye nidhamu kiasi hicho. Akina mama hawakuiita nidhamu. Arobaini na mmoja wao waliandikia Bodi barua ya malalamiko, wengi wakitia sahihi kwa dole gumba.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Selestina, binti pekee wa Lazaro. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka mtu mzima akimbie nyumba yake mwenyewe. Sasa haulizi. Baba yake, aliyempenda kuliko kitu chochote kilichowahi kusajiliwa, alikuwa akimwangalia kila asubuhi na kujiambia kwamba suala lipo Bodi, na kwa kuwa lipo Bodi, linashughulikiwa.

Bodi ilikuwa imelishughulikia namna hii. Mwezi Machi mtaalamu wa maabara kutoka Dar es Salaam, dada mmoja mwembamba aitwaye Magreti, alikuja akachukua majani na udongo. Mwezi Juni barua yake ikafika. Ilisema kwamba mboga za Juhudi zimejaa madini mazito, hasa risasi ileile ya sahani za betri, mara tisa zaidi ya kiasi ambacho mwili unaweza kukivumilia. Ukurasa wa pili ulisema kitu hicho ni sumu, kwamba huharibu damu, tumbo na zaidi ya yote akili za watoto, na kwamba mfereji uzibwe na mboga zisiliwe tena hata siku moja.

Sasa mfereji ukizibwa, karakana inasimama, maana maji yake hayana kwingine pa kwenda. Na mwisho wa Julai viongozi wa mkoa walikuwa wanakuja kumkabidhi Thadeo bendera ya karakana bora. Wajumbe waliikalia barua ile saa tatu nzima. Mwenyekiti aliisoma, akarudia kuisoma, kidole chake kikasimama kwenye neno "madini".

"Ndugu wajumbe," akasema, "wenzetu wanachimba mita mia tatu chini ya ardhi, wengine wanafukiwa hukohuko. Sisi madini yametufuata mezani, tena yameshapikwa."

Walipiga makofi. Mjumbe mmoja, ambaye baadaye alijuta, aliuliza kuhusu neno "sumu". Mwenyekiti akafafanua kwamba neno hilo liko ukurasa wa pili, kwamba ukurasa wa pili ni kiambatisho, na kiambatisho hakina nguvu ya kisheria mpaka Bodi ikipokee. Bodi haikukipokea. Lazaro aliyaandika yote hayo kwa hati ya kulala, akapigia mstari.

Zikatungwa Kanuni za Madini ya Mboga, vifungu kumi na viwili. Kazi ngumu ilikuwa kifungu cha nne, cha uhifadhi, kwa sababu mchicha hunyauka. Ghala la mahindi halifai, mapipa yanaota kutu. Ni Thadeo aliyepata ufumbuzi. Ghala lisilooza, alisema, ni mwili wa mwananchi mwenyewe, na mwili mzuri kuliko yote ni wa mtoto, kwa kuwa una miaka mingi ya matumizi mbele yake. Kwa hiyo watoto wa chekechea wataendelea kulishwa mchicha kutwa mara mbili, kwa madhumuni ya uhifadhi wa muda mrefu. Kifungu cha tano kiliagiza ipigwe Sensa ya Madini Mwilini, ili taifa lijue akiba yake. Kifungu cha saba kilisema mahali patakapobainika kuwa na akiba kubwa kuliko pote patatangazwa machimbo, patazungushiwa kamba ya katani na kuwekewa mlinzi, na hakuna kitu kitakachotoka humo bila kibali cha maandishi cha Mwenyekiti. Hapo Thadeo alikuwa na choo cha chekechea akilini, ambako alidhani madini mengi huishia.

Siku ya tangazo wananchi waliruhusiwa kuuliza maswali. Akasimama Sironga, mfugaji kutoka mbugani, aliyekuja kuuza ndama akanaswa na mkutano. Alitaka kujua kama mavi ya ng'ombe nayo yametaifishwa. Akajibiwa kuwa yametaifishwa iwapo yana madini. Basi Sironga akasema yake hayana, kwa sababu miaka miwili iliyopita ng'ombe wake waliyanusa maji ya mfereji ule, wakageuka, na yeye akageuka nao. Aliwahi kuja kuieleza Bodi, akaambiwa ng'ombe si mjumbe.

Thadeo alimsikitikia mbele ya watu wote. Huo ndio ushahidi, alisema, wa jinsi wafugaji wanavyojiweka nyuma katika suala la madini.

Jioni yake Lazaro alipata mgeni. Mkewe Costancia alikuwa Morogoro kwenye kozi ya ukunga hadi Agosti, na mama mkwe wake, Anastazia, alikuwa akija kila jioni kumwangalia mtoto. Anastazia ndiye aliyekuwa mpishi wa chekechea. Kwa watu wa milimani, kama walivyokuwa hawa wawili, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani ana kwa ana. Kukiwa na neno, hupitishiwa kwa mtoto, na kama mtoto amelala, kwa chochote chenye masikio. Tena kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, baba ni mtu anayeheshimiwa tu. Kwa hiyo Anastazia alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, Lazaro akakaa barazani, na Selestina akawekwa mlangoni kama posta.

"Selestina," alisema bibi, "mwambie baba yako mimi sipiki ghala. Mimi napika chakula."

Lazaro alimwomba Selestina amweleze bibi kwamba kwa mujibu wa kifungu cha nne, kikisomwa pamoja na kifungu cha kwanza, hakuna mgongano wowote kati ya chakula na ghala.

"Mwambie mjukuu wangu si debe."

Selestina hakumwambia mtu chochote. Alikuwa ameinama, mikono yake yote miwili tumboni, anapumua kidogokidogo kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Lazaro alitafuta kifungu cha kumjibu mkwewe, akapita cha kwanza mpaka cha kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakukuta kitu. Aliogopa sana. Alimbeba mtoto akamlaza, akarudi barazani.

Kesho yake Anastazia hakupika mchicha. Alipika maharage na viazi vitamu alivyobeba kichwani kutoka shambani kwake, na kesho kutwa hivyohivyo. Jumatano hiyo Thadeo alifika jikoni kukagua uhifadhi. Anastazia alimzidi umri kwa miaka kumi na mitano, kwa hiyo alinyamaza kungojea shikamoo. Haikuja. Alingoja tena. Kisha akaitika "Marahaba" hivyohivyo, kwa heshima, akaendelea kukoroga.

Mwenyekiti alifunua sufuria, akauliza madini yako wapi. Anastazia akamjibu kuwa yako bustanini, hajayagusa, maana alisikia kwa masikio yake kwamba ni mali ya umma, na yeye si mwizi. Thadeo alirudisha mfuniko juu ya sufuria kwa nguvu. Mwishowe akamtangaza mhujumu wa akiba ya taifa na kumpa siku saba. Mchicha usiporudi sufuriani mpaka Jumatano ijayo, atahamishiwa kijiji cha mbali huko upande wa Mikumi, na mahali pake atakuja mpishi wa karakana, mtu mtiifu ambaye angepika hata betri zenyewe akiandikiwa. Barua ya siku saba ilipaswa kuandikwa na Lazaro. Aliiandika. Alikosea tarehe mara mbili.

Jioni hiyo Selestina alikuwa amelala mapema. Anastazia alikaa pale pale nyuma ya ukuta, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa katikati, akazungumza na kuku aliyekuwa akidonoa ukoko.

"Wewe kuku," alisema, "niulizie kwa karani. Hiyo sensa yao ni ya kila mtu, au ni ya kila mtu wa chini?"

Lazaro alimfahamisha kuku kwamba kifungu cha tano kinasema "kila mtu", kwamba alikiandika yeye mwenyewe, na kwamba yeye huwa haandiki maneno ya ziada.

"Haya. Na vile vikapu vya Ijumaa vinavyopanda Land Rover, majani yake wanakula akina nani?"

Usingizi wa Lazaro usiku ule ulikuwa wa mang'amung'amu. Kila mtu Juhudi alivijua vikapu vya Ijumaa. Tuta lililokuwa karibu zaidi na bomba la karakana, ambalo lilipata maji ya kwanza na mchicha wake ulikuwa mpana na mweusi kwa kustawi, liliitwa tuta la wageni, yaani la Bodi. Mwanakijiji hakuchuma hapo. Kila Ijumaa vilijazwa vikapu, kimoja kwa kila mjumbe wa Bodi na viwili kwa Mwenyekiti, na hakuna aliyewahi kuvirudisha. Alfajiri Lazaro alimpigia Magreti simu kutoka stesheni ya Kilosa, akamwomba aje na chupa za kutosha watu wote, na pale kwenye neno "wote" alipandisha sauti.

Magreti alishuka na treni ya Ijumaa akiwa na masanduku manne. Miaka miwili alikuwa amezunguka vijiji akiwabembeleza watu wampe mkojo wa kupima, na alichoambulia ni kufukuzwa na mbwa. Sasa alikuta kijiji kizima kimepanga foleni kwa mistari, kwa kuwa ilikuwa amri, na Mwinshehe wa mgambo akiwa amesimama na filimbi. Kina mama walileta chupa zao zimefunikwa kwa kitambaa. Mzee mmoja alitaka stakabadhi. Watoto wa chekechea walipimwa wote. Sironga alileta ukoo wake mzima kutoka mbugani, watu thelathini, kwa sababu alitaka iandikwe mahali fulani kwamba ng'ombe wake wana akili.

"Ndugu Lazaro," Magreti alisema wakati wa kufunga masanduku, "sijawahi kuona upuuzi uliopangwa vizuri namna hii." Lazaro alimshukuru kwa dhati.

Wajumbe wa Bodi walipoletewa chupa walishangaa kidogo, lakini Thadeo aliona mbali. Kiongozi huonyesha njia, alisema. Aliingia chooni na chupa ya bia, akatoka nayo imejaa mpaka shingoni, na akaagiza apigwe picha nayo.

Majibu yalirudi Jumatano iliyofuata, siku ya saba. Viongozi wa mkoa walikuwa hawajafika bado, lakini Thadeo aliitisha mkutano wa hadhara kama mazoezi. Alitaka utajiri wa Juhudi usomwe mbele ya watu, mtu mmoja mmoja. Pembeni, kwenye jiko la chekechea, mpishi wa karakana alikuwa ameshavaa aproni, na sufuria ya mchicha ilikuwa imeanza kufuka. Anastazia alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake cha safari. Watoto walikuwa wamekalishwa mkekani na bakuli mbele yao, Selestina wa tatu kutoka mwisho.

Lazaro alikuwa ameifungua bahasha tangu asubuhi. Angeweza kumnong'oneza Mwenyekiti, na karani yeyote mwenye busara angefanya hivyo. Lakini kanuni zilisema matokeo yasomwe hadharani, na Lazaro hakuwa mtu wa kuvunja kanuni. Ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu kinacheka, na alikuwa hajui kimeingia lini.

Alieleza kwanza kwamba kipimo cha kumi ndicho mwisho wa kuvumilika. Kisha akaanza na cha chini. Ukoo wa Sironga, hakuna kitu. Wazee wa milimani wanaokula mboga za mashambani kwao, vipimo vitatu, vinne. Watu wa kijijini, ishirini. Watoto wa chekechea, thelathini na tano, na hapo minong'ono ikaanza upande wa kina mama. Mafundi wa karakana, hamsini. Wajumbe wa Bodi, kati ya sabini na themanini. Mwenyekiti wa Bodi, mia moja na arobaini na mbili.

Watu walianza kupiga makofi kwa mazoea. Halafu makofi yakapungua, moja moja, mpaka akabaki mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Juhudi ilikuwa imepona kiasi chake. Miaka minne mfululizo wageni walikuwa wamebeba kwa vikapu tuta lililokuwa baya kuliko yote.

"Kumbe tajiri ni huyu," alisema Sironga, bila kejeli, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba aliyokuwa akiitafuta.

Thadeo alisimama. Alisema hizo si mali zake. Lazaro akakubaliana naye kabisa: si zake, ni za umma, na ndiyo maana kuna tatizo. Akasoma kipande cha tangazo kuhusu kuhodhi bila kujali cheo. Mtu mmoja kutoka nyuma akakumbusha kwamba miiko ya uongozi inamkataza kiongozi hata nyumba ya kupangisha, seuze mgodi. Thadeo alisema kanuni hazikuwa na maana hiyo. Lazaro akafunua kifungu cha saba, akakisoma chote, na alipomaliza akamtazama Mwinshehe wa mgambo, ambaye alikuwa mtu wa kufuata maandishi.

Kazi haikuchukua hata robo saa. Katani haina uhaba Juhudi. Walipigilia vigingi vinne kukizunguka kiti cha Mwenyekiti, yeye akiwa juu yake, wakazungusha kamba mara tatu, na Mwinshehe akasimama na rungu. Kibao kiliandikwa kwa mkaa: MACHIMBO YA TAIFA. USITOE KITU. Wajumbe wengine wa Bodi, ambao nao walikuwa na akiba ya kutosha, walikumbuka shughuli zao nyumbani.

Mwanzoni Thadeo alifoka. Saa nane alianza kukaa upande mmoja, kisha upande wa pili. Alikuwa amekunywa chai birika zima kwa ajili ya hotuba. Alimwita Lazaro, akamweleza taratibu, mtu na mtu, kwamba angependa kwenda kujisaidia.

Lazaro alisikitika kwa moyo wake wote. Alieleza kwamba huko kujisaidia ndiko hasa kulikokatazwa, kwa kuwa ni kutoa madini nje ya machimbo. Kilihitajika kibali cha maandishi cha Mwenyekiti.

"Mwenyekiti si mimi?"

"Ni wewe. Ila kiongozi hawezi kujipa kibali cha mali ya umma mwenyewe. Ni kinyume cha miiko."

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Thadeo alifumba macho, na jasho likawa linamtoka kwenye paji. Aliuliza kama hakuna mlango mwingine wowote katika kanuni hizo. Lazaro alizipitia kwa uaminifu, kifungu hadi kifungu, huku Mwenyekiti akikanyaga mguu mmoja juu ya mwingine. Upo mmoja, alisema mwishowe. Ni ule ukurasa wa pili wa barua ya maabara. Bodi ikiupokea kwa sahihi ya Mwenyekiti, basi kitu hiki hakitakuwa madini tena, na kanuni zote zitafutika papo hapo.

"Nimeupokea."

"Lazima iandikwe ni kitu gani."

Thadeo alipendekeza "hali isiyoridhisha kiafya". Lazaro akasema maneno hayo ni mazuri, yeye mwenyewe angeyatumia wiki iliyopita, lakini hayafuti kitu. Akapendekeza "upungufu wa ubora wa maji". Lazaro akatikisa kichwa. Watu walikuwa wamesogea mpaka kwenye kamba, kina mama mbele.

"Sumu," alisema Thadeo. "Andika sumu."

"Inatoka wapi?"

"Karakana."

"Imefikaje kwenye chakula cha watoto?"

"Kwa mfereji."

"Mfereji wa nani?"

Thadeo alibana magoti. "Wangu mimi," alisema. "Niliuchora mimi. Uzibeni. Mboga zisiliwe. Lete kalamu, Lazaro, tafadhali."

Lazaro aliweka karatasi za kaboni katikati, akazinyoosha pembe, akamwonyesha pa kutia sahihi. Hakuwa mtu wa haraka. Nakala ya tatu ilipokuwa inasainiwa, majembe yalikuwa yameshafika kwenye mfereji na udongo unaingia. Anastazia alienda jikoni, akamsogeza mpishi wa karakana kwa nyonga, akaibeba sufuria ya mchicha na kuimwaga yote shimoni. Kisha akachukua bakuli za watoto, moja moja, akaziosha. Kamba ilipofunguliwa Thadeo alipita katikati ya watu kwa mbio zisizomfaa mtu wa umri wake.

Magreti, aliyekuwa ameleta majibu mwenyewe, hakupoteza muda. Alisema mtoto akiacha kula kitu hicho mapema, akanywa maziwa, akatibiwa, mwili unaweza kukipunguza, lakini isichelewe hata siku. Watoto waliozidiwa aliwataka hospitali jioni ileile. Usafiri ulikuwa mmoja tu. Walipakiwa kwenye Land Rover ya Bodi mpaka wakajaa, wengine mapajani mwa mama zao, na Selestina akawekwa dirishani kwa bibi yake. Gari lilipoanza kuondoka alimuuliza bibi kwa nini yule mzee alikimbia. Lazaro alilisikia swali hilo, akageuka kando akafuta macho kwa nakala ya tatu.

Thadeo alirudi kutoka chooni akiwa mwepesi, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Njia nzima alikuwa akiifikiria ile namba. Alipoondoka pale ilikuwa madini. Aliporudi ilikuwa sumu, na ilikuwa mia moja na arobaini na mbili, ndani yake. Alikumbuka maumivu ya tumbo ambayo kwa mwaka mzima ameyaita uzito wa madaraka. Alitazama kule gari lilikoelekea, vumbi tu, akaja akasimama mbele ya meza ya karani kama mwananchi yeyote.

Aliuliza kwa sauti ndogo mtu mwenye hali kama yake Bodi inamsaidiaje.

Lazaro alisema ni swali zuri na kwamba ataangalia kama limewahi kujibiwa. Alifungua jalada la malalamiko. Mlikuwa na jibu moja tu, lililopelekwa mwezi Mei kwa wale kina mama arobaini na mmoja. Alilisoma kwa sauti, kwa utaratibu, bila kuruka neno.

"Ndugu, barua yako imepokelewa. Maumivu ya tumbo ni ya kawaida. Endelea kula mboga. Suala lako litazungumzwa katika kikao kijacho, ambacho tarehe yake haijapangwa. Usiandike tena."

"Nani aliandika kitu hicho?" aliuliza Thadeo.

Lazaro aliigeuza karatasi juu ya meza ili aione vizuri.

"Kupiga chapa nilipiga mimi, na hilo nitalijibu kwa mkwe wangu," alisema. "Sahihi ni yako."